Mchanga Mweusi wa Madimbwi ya Karoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilitukanwa kabla ya saa nne asubuhi, na nilistahili.

Nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa sampuli katika ofisi ya serikali ya utafutaji madini, kituo cha Morogoro. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mjiolojia, mtu mrefu, mkavu, ambaye sisi wadogo hatukuthubutu kumwita kwa jina lake. Alinishusha kwenye Landrova kando ya mto, akanikabidhi koleo, karai na vifuko kumi vya kitambaa, akaniambia nifuate mto na kuchota mchanga kila baada ya hatua mia mbili. Nilichota kwa nguvu zangu zote. Niliporudi jasho linanitiririka, nilivipanga vile vifuko mbele yake nikisubiri kusifiwa.

Akainua cha kwanza. "Hiki umekichota wapi?"

"Mtoni, mzee."

"Mto huu una urefu gani?"

Nikageuka kuutazama mto. Akakifungua, akakimwaga chini. Akakifungua cha pili, akakimwaga. Vyote kumi, kimoja baada ya kingine, bila haraka, huku dereva akigeukia pembeni ili asiione aibu yangu.

"Wewe ni mjinga au mvivu?" akaniuliza. "Mchanga usio na mahali ni uchafu tu. Andika ulipochota, halafu andika ulichokiona pale ulipochota. Kama kulikuwa na ng'ombe wanakunywa maji, andika ng'ombe. Kama kulikuwa na mwanamke anafua, andika mwanamke anafua. Sasa rudi mwanzo."

Nilirudi mwanzo. Nayaeleza haya kwenu vijana mnaosomea madini vyuoni, mnaopiga picha kwa simu na kupata mahali mlipo kwa kubonyeza kitufe. Sisi tulikuwa na daftari na penseli. Kila ukurasa wa daftari la porini ulikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "maelezo ya mahali", na Bwana Mjiolojia alikuwa akisoma safu hiyo kabla ya nyingine zote. Ukiiacha wazi, ungerudishwa porini hata kama mvua inanyesha. Niliichukia sana safu ile. Leo hii, nikiamka usiku kwa maradhi ya uzee, ndiyo ninayoiona.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuosha. Unachota mchanga wa kijito, unauweka kwenye karai pamoja na maji, unalizungusha taratibu na kulitikisa. Mchanga mwepesi, ule mweupe, unatoka na maji. Ulio mzito unabaki chini, na mara nyingi huwa mweusi. Huo mweusi ndio tulioutafuta, kwa sababu ndani yake huwamo madini mazito, yakiwemo yale yanayobeba titani, metali ya thamani kubwa. Ukipitisha sumaku juu yake, chuma cha kawaida huruka na kung'ang'ania. Punje zenye titani husogea kivivu tu, au hazisogei kabisa. Nilipozoea, niliweza kukisia kwa macho kabla ya kutoa sumaku mfukoni, na Bwana Mjiolojia, ambaye hakujua kusifu, aliwahi kuniambia, "Mikono yako inafaa." Sentensi ile niliibeba miaka mingi.

Nilipelekwa Handeni, nikapelekwa Tunduru, nikakaa misimu miwili kusini huko kwenye vilima vya Ludewa, ambako niliona kwa mara ya kwanza mawe meusi mazito yenye titani, ambayo hata lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi linataka mikono miwili kuliinua. Nilirudi Morogoro nikiwa msaidizi mwandamizi, nikaoa, nikajenga vyumba viwili Mafiga. Nilijiona mtu.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Bidhaa zilirudi madukani, sabuni na sukari zikapatikana bila foleni, na sisi watumishi wa serikali tukaanza kupunguzwa. Barua yangu ililetwa na mhudumu wa ofisi aliyeniamkia kwa heshima kuliko siku zote, nikajua tu. Bwana Mjiolojia alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Bukoba, hapakuwa na mtu wa kunisemea. Nikawa nakwenda Mikese kununua mkaa kwa watu wa vijijini na kuupanga kandokando ya barabara kuu, nikiwangoja wenye magari ya Dar es Salaam. Miaka mitatu hivi. Mikono iliyofaa kuosha madini ikawa ya kufunga magunia kwa kamba za katani.

Pale pale Mikese ndipo Mkurugenzi aliponikuta. Nasema Mkurugenzi kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, ingawa Kampuni yake wakati huo ilikuwa yeye mwenyewe, katibu mmoja na mtaalamu wa kigeni aliyekuja na kuondoka. Alikuwa mfanyabiashara wa Dar, mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kusema. Alisimamisha gari, sikujua kwamba hakufuata mkaa.

"Wewe ndiye Deusi? Yule wa ofisi ya madini?" akaniuliza. "Nimeambiwa hapa Morogoro hakuna anayeosha mchanga kama wewe. Acha mkaa, mzee wangu. Nina leseni ya kutafuta titani huko juu Uluguru, na wataalamu wangu hawawezi hata kupanda mlima."

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, na kuitwa mzee wangu na mtu mwenye gari kulinilainisha. Lakini kilichonifanya niache mkaa siku ile ile ni kitu kingine. Alifungua ramani juu ya boneti, akaweka kidole, na kidole kile kilikuwa juu ya bonde la ukoo wa mama yangu.

Sitalitaja bonde lile. Wanaolijua wanalijua. Unapita Mlali, unaanza kupanda, na baada ya mwendo wa nusu siku kwa miguu unafika mahali ambapo mlima wote umekatwa matuta mfano wa ngazi, kabichi huku, njegere kule, karoti kila palipo na maji. Baba yangu alikuwa mtu wa kuja, aliletwa na kazi za katani. Mama alikuwa Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa mama. Ardhi inafuata mlango wa ukoo ambao wao huuita tombo, yaani titi: walionyonya titi moja ndio wenye shamba. Msemaji wa mlango wetu alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa mama, mzee mfupi aliyekwenda kanisani na kofia mkononi na kurudi nayo mkononi, sikumbuki kumwona ameivaa.

Mkurugenzi aliyajua hayo yote. Sikuwa nimechaguliwa kwa mikono yangu peke yake. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mpwa.

Nilipanda peke yangu kuomba ruhusa, na chupa ya mafuta ya taa na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umekonda. Mkaa unakula watu?"

Nikamweleza. Akasikiliza akifuta vumbi kwenye kofia yake. Alipokwisha kunielewa akasema, "Kupima si kubaya. Serikali ilishapima hapa, wakoloni walipima, wote wakaenda zao. Ila sikiliza. Usitoboe shamba la mtu. Haya matuta yamekatwa na mabibi zako kwa jembe la mkono. Ukiifungua ardhi mdomo hapa juu, masika inaingia, na ikiingia hatuwezi kuitoa."

"Sitatoboa, Mjomba. Nachota mchanga tu."

"Umeniahidi?"

"Nimekuahidi."

Na kweli nilikusudia kuitimiza ahadi ile, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Kwa kanuni za kazi, penye kijito kinachotumiwa na watu nilipaswa kuchimba vishimo kandokando yake, chini ya udongo wa juu, mahali pasipoguswa na mtu. Lakini kandokando ya kijito pote palikuwa ni shamba. Kila nilipotaka kuingiza koleo palikuwa na miche ya shangazi fulani au ukingo wa tuta la dada fulani. Nikaona njia rahisi na ya upole: madimbwi ya karoti.

Haya ni madimbwi madogo, kina cha magoti, yaliyochimbwa ndani ya kijito na kuzungushiwa mawe. Kila mwanamke mwenye shamba bondeni ana la kwake. Karoti zikishang'olewa, zinaoshwa pale mpaka zing'ae, kwa sababu karoti yenye tope huoza kabla ya kufika sokoni, na wachuuzi wa mjini hawaigusi. Dimbwi linarithiwa na binti kutoka kwa mama yake. Mwanamume hana kazi pale. Mimi mwenyewe, pamoja na kuzaliwa na Mluguru, sikuwahi kuingiza mguu katika dimbwi hata moja.

Mama Mdogo Koleta, mdogo wake mama, ndiye aliyeniruhusu. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde.

"Mchanga wa kuoshea karoti?" akasema. "Wazungu wanataka hata huo? Haya chota, mwanangu. Sahani moja kila dimbwi, usizidishe. Na usiyatibue maji, wenzio tunataka kuosha."

Nikachota sahani moja kila dimbwi, madimbwi kumi na tisa. Nikaosha mchanga wa dimbwi la kwanza kwenye karai. Mweusi ulikuwa umejaa chini ya karai, tele, wa kushika kwa kiganja. Sumaku ikapita na haikuchukua hata robo. Nilikuwa nimekaa Ludewa, nilijua ninachokitazama. Nikatoa daftari. Nikaandika namba ya kifuko, tarehe, jina la kijito. Katika safu ya mwisho, maelezo ya mahali, nikaandika neno moja: kijitoni. Sikuwa na nia mbaya bado. Nilikuwa na furaha na haraka, na hapakuwa na Bwana Mjiolojia wa kunirudisha mwanzo.

Majibu ya maabara yalipokuja, Mkurugenzi aliniita mjini akanikumbatia mbele ya katibu. Alinionyesha karatasi, akaniambia mtaalamu wa kigeni amezisoma mara mbili hakuamini. Akaniambia pia kwamba Kampuni ikipata wawekezaji, mimi nitakuwa Msimamizi wa Kazi za Porini, ajira ya kudumu, na gari la kunipandisha. "Umeangalia mkaa mara ya mwisho, mzee wangu." Nilirudi Mafiga nikitembea juu ya mawingu. Mke wangu, ambaye hakuwahi kulalamika miaka yote ya mkaa, alikaa kitini akalia.

Kabla ya mkutano wa wawekezaji nilipanda kuwapelekea habari watu wa mama. Nilimkuta Mama Mdogo kwenye njia ya kijitoni, ndoo kichwani. Nikamwambia kwamba mchanga wao umeonekana una madini ya thamani kuliko sehemu nyingi nchini. Nilitegemea ashangae. Akacheka mpaka akatua ndoo.

"Mchanga upi? Ule mweusi?"

"Huo huo."

"Mwanangu, ule tunauweka wenyewe!"

Nikamwomba anieleze. Mchanga mwepesi ukikanyagwa huchanganyika na maji, yanakuwa tope, karoti hazitakati. Mchanga mweusi ni mzito, unatulia chini, maji hayatibuki, na tena unasugua vizuri. Kwa hiyo kila baada ya mavuno wanawake huzoa mchanga mwepesi na kuutupa, wakabakiza mweusi. Wakiona michirizi myeusi popote kijitoni baada ya mvua, wanauzoa na kuuleta dimbwini. Binti akianza dimbwi lake, mama humpa sinia moja la mweusi wa kuanzia. Mama Mdogo alipewa na bibi yangu, na bibi yangu alipewa na mama yake, aliyepewa naye na mama yake.

"Huu wa kwangu ni wa wanawake wanne," akasema, na alisema kwa fahari. "Yule Felista wangu ndiye wa tano."

Mnaelewa, ninyi mnaosoma? Karai langu lilikuwa limefika pale likiwa limechelewa kwa miaka mia. Wanawake walikuwa wamekwisha kuosha bonde zima kwa niaba yangu, kiganja kwa kiganja, na mimi nilichota kazi yao nikaipeleka maabara nikasema ni utajiri wa mlima. Nje ya madimbwi yale huenda palikuwa na titani kidogo, kama ilivyo katika vijito vingi. Utajiri ulioandikwa kwenye karatasi ya Mkurugenzi ulikuwa madimbwini tu.

Nilishuka mlima siku ile bila kuona njia. Nilikuwa na siku nne za kwenda kwa Mkurugenzi na kumwambia. Siku ya kwanza nilijisemea nitakwenda kesho. Siku ya pili nilikwenda, akanipokea kwa kelele, akanionyesha fulana ya kazi yenye jina langu kifuani na cheo chini yake. Nikaipokea. Siku ya tatu na ya nne sikutoka nyumbani.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mjini, asubuhi, madirisha yakiwa wazi na milima inaonekana yote hadi kileleni. Wawekezaji walikuwa kama kumi na watano: wafanyabiashara wa Dar, wageni wawili, na watu wa Morogoro wenyewe waliosikia kwamba sasa mwananchi naye anaruhusiwa kumiliki hisa. Kilichokuwa kinaamuliwa kilikuwa kimoja: je, Kampuni ipandishe tingatinga na mtambo wa kuchoronga bondeni, ikate mitaro ya kuvuka bonde zima ili kupima ukubwa wa madini, au isubiri kwanza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma na fulana yangu. Nilijua kwamba mitaro ile ikikatwa, ahadi yangu kwa Mjomba imekwisha.

Walibishana kwa saa mbili. Upande mmoja ulisema majibu kama haya hayapatikani mara mbili, na tukichelewa kampuni kubwa za nje zitatuwahi. "Nchi imefunguliwa," alisema mmoja wao, "atakayelala atalala njaa." Upande mwingine ulisema sampuli kumi na tisa za bonde moja ni chache mno, na kwamba kati ya mchanga mweusi kwenye karai na mgodi kuna safari ndefu ambayo wengi wamefia njiani. Wageni wawili waliuliza habari za barabara. Mkurugenzi alicheka, alijibu, aliapa, alifuta jasho.

Ndipo aliposimama Mhandisi. Alikuwa mstaafu wa kiwanda kimoja cha Morogoro kati ya vile vilivyokuwa vimeanza kufungwa milango, mzee wa suruali iliyopigwa pasi hadi mstari unakata. Alikuja na nia ya kuweka akiba yake, lakini alikuwa mtu wa vipimo.

"Mimi sina swali kwa Mkurugenzi," akasema. "Nataka kumwuliza aliyeinama akachota. Yupo?"

Nikasimama.

"Bwana, naona kwenye ripoti sampuli zote zimeandikwa kijitoni. Kijito ni kirefu. Huu mchanga uliuchota wapi hasa, na pale ulipouchota uliona nini?"

Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa ya Bwana Mjiolojia, na nilijiona tena kando ya ule mto wa kwanza na vifuko vinamwagwa. Ukumbi mzima uligeuka. Nilimwona Mkurugenzi amesimamisha kitambaa chake shavuni. Nikamkumbuka mke wangu kitini akilia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja: nilichota kwenye madimbwi ya wanawake, na mchanga huo wameukusanya wao.

"Niliuchota chini ya maji, mheshimiwa," nikasema. "Ndani ya kijito. Niliona mchanga mweusi."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Mhandisi alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasema, "Ahsante," akaketi, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Walipoinua mikono kukubali tingatinga lipande, na yeye aliinua.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Watu wa ukoo waliambiwa leseni ni ya serikali na watalipwa fidia ya mazao. Mjomba hakuja kugomba. Alikaa mlangoni kwake siku tingatinga lilipofika, kofia magotini, na nilipopita akaitikia shikamoo yangu kama anavyoitikiwa mtu baki. Mitaro mitatu ilikatwa kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine. Ilipita katikati ya matuta, ikakata mifereji ya maji, na ule wa chini ulipita juu ya madimbwi saba, la Mama Mdogo likiwemo. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya vipimo.

Mitaro haikuwa na kitu. Mtambo ulichoronga matundu kumi na mawili, nayo yakatoa mchanga wa kawaida wenye weusi wa kawaida. Mtaalamu wa kigeni alikuja kwa mara ya kwanza kuona kwa macho, akazunguka nusu saa na viatu vyake safi, akaondoka. Wawekezaji wakaanza kugombana, barua zikaandikwa, wengine wakatishia mahakama. Mkurugenzi alikuja kuchukua mtambo wake, hakucheka.

"Milima imetudanganya, Deusi," akaniambia.

Milima haikumdanganya mtu. Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema, mbele ya mtu mmoja tu, na hapo pia nilikaa kimya.

Kampuni iliahidi kufukia mitaro. Ilifukia nusu ya mmoja. Masika ikaja, ikaingia, kama Mjomba alivyosema. Maji yalifuata mitaro, yakapata kasi, yakabomoa kingo za matuta moja baada ya jingine. Mwezi mmoja ulitosha kushusha kazi ya vizazi hadi chini bondeni, na madimbwi yaliyobaki yakajaa tope jekundu. Ule mchanga mweusi ulisombwa. Familia sita zilihama. Nilipanda kwenda kutazama, nikamkuta Mama Mdogo amesimama mahali lilipokuwa dimbwi lake, jembe mkononi, hana pa kulipiga.

Ndipo aliponiuliza swali ambalo limenizeesha kuliko miaka. Hakuuliza kwa hasira.

"Mwanangu, wale watu hawakukuuliza mchanga ulitoka wapi?"

"Hawakuniuliza, Mama Mdogo," nikasema.

Alinishika mkono. Ukoo ulipokutana na wengine wakasema nisikanyage tena bondeni, alisimama yeye, mwanamke, akanitetea mbele ya kaka yake. "Mtoto hakuulizwa," akasema. "Angeulizwa angesema. Mimi nilimwambia mwenyewe, anajua." Wakanisamehe kwa neno lake. Hadi alipofariki miaka kadhaa baadaye alikuwa akioshea karoti kwenye bomba la misheni, mwendo wa saa nzima kutoka shambani, na hakuwahi kujua kwamba nilimdanganya. Nilibeba jeneza lake. Sijui niliwezaje.

Baada ya Kampuni nilipata vibarua vya hapa na pale kwa watafiti wengine, kwa sababu nchi ilijaa leseni na karai langu lilihitajika. Nilifanya kazi hiyo hadi magoti yalipokataa. Vijana niliowafundisha walinichukia kwa ajili ya safu ile ya maelezo ya mahali. Niliwarudisha mwanzo hata mvua ikinyesha, nami nikirudi nao. Walisema mzee ana kichaa cha madaftari. Sikuwaambia kwa nini.

Nimestaafu sasa, naishi Mafiga, na watu hunisifu kwamba nimetembea nchi nzima. Nikiulizwa nimegundua nini maishani, nasema nimegundua machache, na wanadhani ni unyenyekevu. Majuto si maumivu makali, kama nilivyodhani nilipokuwa kijana. Ni kitu cha kila siku, unakula nacho, unakwenda nacho kanisani. Mhandisi nilikutana naye sokoni mara moja, suruali yake bado ina mstari, akanisalimu vizuri akapita. Ningependa angenitukana.

Mwaka juzi nilipanda kwa Felista, binti wa Mama Mdogo, ambaye kwa Waluguru ni dada yangu kabisa. Amerudi bondeni na mabinti zake, wamekata matuta machache upya, wamechimba dimbwi. Nikamwambia yote: mkutano, swali, jibu, na uongo niliomwambia mama yake. Alinisikiliza akimenya njegere. Zilipokwisha akazimwaga kwenye sufuria, akaibandika jikoni, nami nikainuka kuondoka.

"Kaka," akasema, bila kunitazama. "Wewe si ndiye fundi wa kuosha mchanga?"

"Ndimi."

"Basi dimbwi langu halina mweusi."

Tangu siku hiyo, kila mwezi nisipokuwa mgonjwa, nakaa huku chini ambako kijito kile kinaingia tambarare karibu na Mlali, na karai langu la zamani. Naosha kutwa. Nikibahatika napata kiganja kimoja cha mweusi, labda viwili, ambao huenda ni ule ule uliosombwa na huenda si wenyewe. Nautia kwenye kifuko cha kitambaa, kijana wa bodaboda ananifikisha anapoweza, panapobaki natembea taratibu. Kifuko nakiacha juu ya jiwe la njiani, kwa sababu dimbwini si pa wanaume, kisha naketi upande wa juu, mbali kidogo, nikisubiri.

Wiki iliyopita Felista alimwaga kifuko changu, akaingia na karoti zake, akaanza kusugua. Nilimwona akisimama, akatazama maji kati ya miguu yake.

"Bado, kaka!" akaniita kutoka chini.

Nikatoa daftari. Nikaandika tarehe, jina la kijito, jina la mwenye dimbwi na la mama yake. Kwenye safu ya mwisho, ambako zamani niliandika neno moja, nikaandika nilichokiona: mwanamke anaosha karoti, maji yametibuka.